Watu wa Theluji Walivyotujengea Nyumba Kalimoni

Sifa zimwendee Mungu aliyeinua milima na kuivika weupe ambao hakuna mtu anayeupaka wala kuufua. Namshukuru kwa uzee alionipa, kwa macho ambayo bado yanaona, na kwa kicheko ambacho hakikuisha pamoja na meno. Yeye hutufundisha kwa njia anazozijua mwenyewe, na kwangu mimi aliwahi kutumia gari la sinema.

Majuzi wajukuu zangu walikuwa wakitazama televisheni, nami nilikuwa kando nikichambua maharagwe. Nilipoinua macho niliwaona watu waliojifunika manyoya, wakikata theluji kwa kisu kirefu kama vile mtu akatavyo mkate. Nikasema, "Hao nawajua. Hao ndio walioniozesha." Watoto wakacheka mpaka mmoja akateleza kitini. Walidhani uzee umeanza kunichezea, kumbe nilikuwa nasema kweli tupu, na ndiyo maana nimechukua kalamu.

Enzi zetu tuliambiwa kwamba watu hao ni Waeskimo. Mjukuu wangu mkubwa anasema wenyewe hujiita Wainuit, na jina lile la zamani wengi wao hawalipendi. Nimelipokea jina lao. Mtu huitwa kwa jina analoliitikia.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea mwisho, Hali ya Hatari ya wakoloni imeanza kulegea na watu wameanza tena kutembeleana bila kuogopana. Baba yangu alikuwa akipogoa mibuni katika shamba moja la kahawa karibu na Ruiru. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mama yake baba, yaani cucu wangu. Mimi ndiye niliyerithi jina la cucu, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu, kwa hiyo baba hakuniita binti. Aliniita Maitu, mama yangu. Hata aliponigombeza alinigombeza kwa heshima.

Mwanamume aliyenichumbia alitoka magharibi, upande wa Kakamega. Alikuwa fundi wa kuchonga mawe katika timbo moja jirani na Witeithie. Tulifahamiana katika misheni ya Kalimoni, ambako mimi niliwasaidia masista kuwafundisha watoto katekisimu, naye alikuwa akijiandaa kwa kipaimara. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza swali, alikuangalia kwanza kama jiwe analotaka kujua litapasukia wapi.

Baba hakumkataa kwa ajili ya kabila. Cucu ndiye aliyekuwa na neno, na neno lake lilikuwa samaki, ambao kwao waliliwa na kwetu hatukuwala.

"Mtu anayekula kitu kisicho na miguu," alisema, "utamfuata vipi njiani?"

"Cucu, ni chakula tu. Hata mitume walivua samaki."

"Basi walipomfuata Bwana waliacha nyavu. Mwambie huyu naye aache."

Lakini hayo yalikuwa mambo ya kucheka jikoni. Jambo lenyewe lilikuwa nyumba.

Misheni ilimpa mchumba wangu kiwanja kidogo hapo Kalimoni. Msimamizi wa timbo aliwaruhusu wafanyakazi kuchukua mawe yaliyovunjika pembe, yasiyofaa kwa majengo ya Nairobi. Basi kila jioni alifunga jiwe juu ya baiskeli yake, akaisukuma kutoka Witeithie hadi Kalimoni, akalichonga upya na kulipanga ukutani kwa udongo. Mvua ndefu ziliukuta ukuta ukiwa magotini. Mvua fupi ziliukuta kifuani. Mimi niliutazama kama mama anavyomtazama mtoto anayekaribia kutembea.

Baba alipopelekwa kuuona hakutazama jinsi mawe yalivyonyooka. Aliinama, akachungulia ndani, akaona majani yaliyoota sakafuni.

"Fundi," aliuliza, "nyumba hii imelala nje tangu lini?"

"Tangu mwaka uanze, baba. Iko karibu kufika kwenye lenta, juu ya mlango."

"Bila paa, na bila moto?"

"Baba, haya ni mawe. Mawe hayajengwi siku moja."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, naye hakulijua. Kwetu nyumba ilijengwa siku moja. Miti ilikatwa mapema, nyasi zikafungwa matita mapema, lakini nguzo ya kwanza ikishasimama asubuhi, lazima moto uwake ndani kabla ya jua kuzama. Nyumba ikilala bila moto, wazee walisema, kuna wasioonekana watakaohamia kabla yako. Mchumba wangu alidhani anaonyesha uvumilivu. Machoni pa baba alikuwa amewajengea pepo nyumba kwa jasho lake mwenyewe, tena ya mawe, wasimoweza kufukuzwa.

Baba alikuwa amebatizwa, na rozari yake ilikuwa imelainika kwa kusaliwa. Lakini alisema, "Nimeyaacha mengi ya zamani wala sijuti. Hata hivyo, Maitu hataingia nyumba yenye wapangaji."

"Basi nijenge kwa miti, baba?"

"Ungejenga kwa miti ungekuwa umeshamaliza."

Mchumba wangu hakuwa na ukoo huku wala ng'ombe wa kuonyesha. Alikuwa na mikono yake, na mawe yale ndiyo yaliyokuwa yakimsemea. Padre naye alisema hatatangaza ndoa kanisani mpaka baba aridhike, na alikuwa na haki. Huku nyuma ndugu za mchumba wangu walimtumia salamu kwa kila aliyekuja kutoka kwao: kama huko hupewi mke, rudi, hapa wasichana wapo. Mwishowe aliniambia kwamba Krismasi ikipita bila neno jema kutoka kwa baba, atarudi. Nilisali novena moja, nikaunganisha na nyingine. Sikujua niombe nini hasa, pepo watoke au baba abadilike, basi nilimwachia Mungu achague.

Jioni moja gari la sinema likaja kutoka Thika, likasimama katika uwanja wa misheni. Tulilizoea gari hilo. Mara nyingi lilituonyesha jinsi ya kuchimba makinga maji na jinsi nzi anavyochafua chakula. Nzi aliyeonyeshwa alikuwa mkubwa kama kuku, na cucu alisema nzi wa ukubwa huo afadhali achinjwe. Giza lilipoanza kushika, watu walikuwa wameketi nyasini: watu wa kahawa mbele, watu wa timbo nyuma, wanawake na watoto upande mmoja. Aliyeeleza picha kwa kipaza sauti alikuwa kijana kutoka pwani, Kiswahili chake kikitiririka kama samli ya moto. Baba alijua Kiswahili cha kazini tu, kwa hiyo niliketi karibu yake nikimfasiria sikioni. Cucu alikuwa upande wa pili juu ya kigoda.

Baada ya nzi wetu wa kawaida, kitambaa cha sinema kikawa cheupe chote. Tulidhani mashine imeharibika. Kisha katika weupe ule tukaona mbwa wanakuja wakivuta kitu kisicho na magurudumu, na nyuma yao mtu aliyevaa manyoya mpaka kichwani.

Wazee wa mbele wakavua kofia. Nami nikaelewa mara moja. Asubuhi zisizo na mawingu, kutoka miinuko ya Thika, tulikuwa tukikiona kilele cheupe cha mlima wa Kirinyaga, na weupe ule ndio pekee wa namna hiyo tulioujua duniani. Wazee wetu waliomba wakiuelekea, maana ndiko anakokaa Ngai, Mungu.

"Ni kule juu," baba alininong'oneza. "Wamepandisha sinema mpaka kwa Ngai."

Nilimsikiliza kijana wa pwani kwa makini. "Hapana, baba. Anasema ni nchi ya kaskazini kabisa, mwisho wa dunia."

"Na Kirinyaga iko wapi? Kusini?"

Cucu naye alikuwa amevutwa na mengine. "Kumbe mlimani kuna watu!" alisema. "Na wamenenepa!"

Tukawaona wakimngoja mnyama wa majini kando ya tundu katika barafu, mtu ameinama bila kutikisika, kama mchumba wangu mbele ya jiwe. Kijana wa pwani alisema mnyama huyo ni sili, na kwamba anaishi baharini. Mwanamke mmoja akageuka, akapaza sauti kuelekea kwa watu wa timbo:

"Ninyi wa magharibi, ndugu zenu hao! Wasalimieni!"

"Mulembe!" akajibu mmoja wao kutoka gizani. "Waambie watuwekee kichwa!"

Uwanja mzima ukacheka. Lakini mnyama alipopasuliwa, nyama ilikuwa nyekundu na damu yake nyekundu, na kicheko kikatulia. Wakaigawa. Kipande kilipelekwa kwa jirani, kingine kwa mzee asiyeweza kuwinda, na kila aliyepokea alipokea kama mtu anayejua fungu lake. Baba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwake yeye, mtu aliyejua kugawa nyama alikuwa nusu ya njia kuelekea mbinguni.

Akatokea mama aliyembeba mtoto mgongoni, ndani ya kofia kubwa ya vazi lake, na wanawake wakamwita kwa furaha kana kwamba angegeuka. Akatokea bibi kizee akitafuna ngozi ya kiatu ili ilainike. Cucu alimtazama akijishika ufizi.

"Huyo," alisema mwishowe, "amependelewa. Mimi hata ndizi mbivu hunishinda."

Kisha yule mtu wa mbwa akatoa kisu kirefu, akaanza kukata theluji.

Aliikata ikawa vipande vya pembe nne, mithili ya mawe ya kujengea. Alivipanga kwa duara, yeye akiwa katikati, kila mstari ukiinamia ndani zaidi ya ule wa chini. Nyuma yetu watu wa timbo waliacha utani. Nilisikia mmoja akisema, "Mwangalie anavyoiweka pembe. Huyo hatumii timazi." Mke wa mjenzi alikuwa nje, akijaza nyufa kwa kiganja, na watoto wakimsaidia. Kuta zilipanda, zikakutana juu, na mtu akatoweka ndani.

"Amejizika!" cucu akapiga kelele. "Mwanangu, amejizika!"

Mara ncha ya kisu ikatokeza chini, ikazunguka, kipande kikaanguka, na kichwa kikatoka kikicheka. Watu walishangilia kama siku ya Pasaka. Na kijana wa pwani, kwa sauti yake ya samli, akasema kwamba bwana huyu amejenga nyumba yake, mabibi na mabwana, kabla ya jua kutua. Ndani mwanamke aliwasha taa ya mafuta ya mnyama, na nyumba yote ikang'aa katika giza.

Nilimfasiria baba.

"Sema tena," aliniamuru.

"Nyumba imekwisha siku ile ile, baba. Na moto umewashwa ndani jua linapozama."

Wanawake wazima wakapiga vigelegele. Kijana wa pwani akashtuka, akasimamisha maneno yake. "Kulikoni? Mbona mnashangilia taa?" Hakuna aliyemweleza. Ungeanzia wapi?

Sinema ilipokwisha baba alisimama, akaenda moja kwa moja kwenye gari, akanivuta kwa mkono.

"Maitu, muulize: kutoka hapa hadi kwa watu hawa ni mwendo wa siku ngapi kwa miguu?"

Nilijua jibu litakuwaje, na nilijua baba amefurahi kwa sababu amewaona majirani wa Ngai wakiishika desturi yetu. Akiambiwa si Kirinyaga, je, furaha ile ingesimama? Ningeweza kumfasiria vingine. Lakini masista walinifundisha kwamba Mungu hahitaji kusaidiwa kwa uongo, nikauliza jinsi nilivyoulizwa na kujibu jinsi nilivyojibiwa.

"Anasema huwezi kufika kwa miguu, baba. Unapanda meli, unavuka bahari, unavuka nchi za Wazungu, kisha unaendelea mbele. Si Kirinyaga. Watu wale hawajawahi hata kusikia habari zetu."

Baba aliweka mkono juu ya boneti ya gari, iliyokuwa bado ya moto.

"Hawajasikia habari zetu," alisema polepole. "Wala sisi habari zao. Basi hawakujifunza kwetu, nasi hatukujifunza kwao. Aliyetufundisha ni mmoja." Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akageuka. "Fundi yuko wapi?"

Mchumba wangu alikuja na kofia mkononi.

"Yule mtu," baba akamuuliza, "vipande vyake alivikata kabla ya kujenga?"

"Vingi, ndiyo, baba."

"Na vikiwa chini, vimekatwa tu, hiyo ni nyumba?"

"Hapana, baba."

"Basi wewe nawe huna nyumba bado. Una mawe yaliyosimama. Yalaze chini."

Niliuona uso wa mchumba wangu katika mwanga wa taa ya gari, nikatamani kuangalia pengine. "Baba, ni kazi ya mwaka mzima."

"Kazi haipotei. Kila jiwe utalikuta, tena limeshachongwa. Lilaze, likae mpaka Jumamosi."

"Na kwa siku moja nitamaliza na nani? Mimi sina ukoo huku."

Baba alimtazama kama asiyeamini kwamba mtu anaweza kuuliza jambo kama hilo. "Yule alikuwa na mkewe na watoto wadogo, akamaliza. Wewe utakuwa na sisi."

Siku iliyofuata nilimpelekea chakula, nikamkuta akibomoa. Aliyatoa mawe moja moja, akayapanga chini kwa ukubwa, bila kuyatupa. Nilijaribu kutafuta neno la kumfariji, yeye akalitangulia.

"Yule bwana wa theluji alikuwa na bahati," alisema. "Ukuta wake ungekataa kubomoka, angengoja tu jua."

Nikajua kwamba hatarudi magharibi.

Jumamosi ilianza kwa sala ya padre na baridi kali. Watu wa timbo walikuja wakiimba nyimbo za kwao, kila mmoja na nyundo yake. Watu wa kahawa walileta miti, kamba na matita ya nyasi. Wanawake tulikanyaga udongo na kuupitisha kwa karai. Mimi nilijaza nyufa kwa kiganja, kama nilivyomwona yule mwanamke akifanya, na kila nilipoinua macho mchumba wangu alikuwa upande wa ndani, akiweka jiwe.

"Fundi, usisahau mlango!" walimtania. "Huku hatuna kisu kirefu hivyo!"

Mchana tulikula mukimo. Mtu mmoja wa timbo akafungua kifurushi cha samaki mkavu, na cucu akaomba ashikishwe, amwone tu adui yake kwa karibu. Alimnusa, akamgeuzageuza, akavunja kipande, akakinyonya ufizini. Tulingoja hukumu.

"Hana miguu," alisema, "lakini chumvi anayo." Akanyoosha mkono kuomba kingine.

Alasiri mambo yakawa magumu. Kuta zilikuwa zimesimama, ndogo na nzuri, lakini paa lilikuwa na mifupa mitupu upande mmoja, na jua lilikuwa likiiendea mibuni kwa haraka ambayo sijaiona tena. Baba alipanda mwenyewe juu kufunga nyasi. Tulimrushia matita bila kusema. Nyimbo zilikoma. Cucu aliketi mlangoni na makaa katika kigae, akiyapuliza yasife.

Kivuli kilipanda miguuni mwetu, kikafika kiunoni, kikatufunika. Matita yalikuwa yamebaki machache. Mtu akasema kwa sauti ya chini kile ambacho kila mmoja alikuwa anakiona:

"Limezama."

Nilihisi udongo ukinikaukia mikononi. Mchumba wangu alisimama na jiwe la mwisho, wala hakuliweka.

Ndipo baba akasimama wima juu ya paa, mkono mmoja ameshika mti wa kati, mwingine ameuweka juu ya macho, akitazama magharibi.

"Nani amesema limezama?"

"Baba, sisi hatulioni tena."

"Ninyi mko chini." Akafunga tita, akaomba lingine, akalifunga pia, bila haraka yoyote. "Mimi niko juu, na mimi naliona. Liko palepale. Linatungoja."

Hakuna aliyethubutu kupanda kuhakikisha. Alifunga tita la mwisho, akalipiga kwa kiganja, ndipo akaita:

"Mama, lete moto. Na wewe, muthoni, mpokee mama."

Muthoni kwetu ni mkwe. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa Fundi. Mume wangu, maana tangu hapo naweza kumwita hivyo bila kudanganya sana, aliweka jiwe lake, akafuta mikono, akampokea cucu pamoja na kigae chake. Moshi ukapenya katika nyasi mpya, ukamzunguka baba miguuni, naye akakohoa huko juu na kucheka.

Jumapili iliyofuata padre alitangaza ndoa yetu kwa mara ya kwanza, na kabla ya Krismasi nilikuwa nimeshaingia nyumba isiyo na wapangaji. Paa la nyasi tulilibadilisha kwa mabati miaka mingi baadaye, lakini mawe ni yale yale, na ndani yake ndimo ninamoandika haya.

Baba alipokuwa mzee sana niliwahi kumuuliza kama kweli aliliona jua jioni ile. Alitabasamu, akasema, "Maitu, matita yalikuwa yamebaki machache tu." Sikumuuliza tena.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie nyumba, iwe ya mawe au ya nyasi au ya theluji. Akupe wa kukupitishia udongo na wa kukuletea moto. Na siku utakayoona giza limefika kabla hujamaliza, akuwekee juu ya paa lako mtu anayekupenda, aseme kwamba jua bado analiona. Amina.